Lengo Lionekane Kutoka Mlangoni

Siku yangu ya kwanza kuitwa mwalimu niliimaliza nikiwa nimening'inia hewani kama mkungu wa ndizi, magoti yamekaribia kidevu, mbele ya darasa zima lililokuwa limeniahidi kwa sauti moja kwamba limeelewa.

Nawatolea aibu hii mapema, vijana wangu, kwa sababu najua kuna bosi mahali fulani anayekutafuta sasa hivi akukabidhi wageni. "Wewe una uzoefu, hebu wafundishe hawa." Utavimba kichwa kama nilivyovimba mimi. Basi nisome kwanza, halafu ukavimbe.

Nilikuwa mtunza wazee katika nyumba moja ya wazee huku magharibi mwa Sydney. Kuosha, kuvisha, kulisha, kugeuza. Elimu yangu ni kidato cha nne, Morogoro, na matokeo sitayataja hapa kwa kuwa wajukuu wanasoma. Ikafika wakati wakaajiriwa wageni wengi kutoka Kongo na Burundi, watu wenye mikono mizuri na Kiingereza cha kubabaisha, na meneja akagundua kuwa yule jamaa anayeimba akiwaogesha wazee anajua Kiswahili. Nikaitwa. Kazi yangu ikawa kuwaelekeza kwa lugha yetu kabla mtahini hajaja kuwapima kwa lugha yake. Nikapewa chumba, ubao mweupe na kalamu. Hakuna kitu kinachomlewesha mtu wa kidato cha nne kama kalamu ya ubaoni. Siku hiyo nilitembea korido nzima nimeishika mkononi ingawa nilikuwa na mfuko.

Somo lilikuwa mashine ya kunyanyulia wazee wasioweza kusimama. Ni mlingoti wa chuma wenye magurudumu na mkono mrefu, na kwenye huo mkono unaning'iniza kitambaa kinene ambamo mzee anakaa kama mtoto kwenye mbeleko. Nikaandika ubaoni kwa mwandiko wa kupendeza: "Mwisho wa somo hili, mwanafunzi ataelewa mashine ya kunyanyulia wazee." Nikarudi nyuma kidogo nikaitazama sentensi yangu. Niliipenda. Kisha nikazungumza mpaka mdomo ukakauka.

"Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu!"

"Kuna swali?"

"Hapana, mwalimu!"

Mnaijua kwaya hiyo. Tumeiimba wote tangu darasa la kwanza, kule tulikotoka, kabla hatujaja nchi hii. Kwetu sisi kusema sijaelewa ni sawa na kumwambia mwalimu umefundisha vibaya, na nani mwenye uso wa kumwambia mtu mzima hivyo mbele ya watu? Kwa hiyo tunaelewa. Tunaelewa kila kitu. Mimi mwenyewe niliielewa hesabu ya aljebra kwa namna hiyo miaka minne.

Basi nikalala kwenye kitanda tulichoazima chumba cha jirani, nikawaambia wanifunge, waninyanyue. Wakanifunga vizuri tu. Wakaninyanyua. Nikapanda. Nilipofika juu mmoja wao, kwa woga kwamba napanda mno, akabonyeza kitufe kimoja chekundu kikubwa. Mashine ikazima. Wakabonyeza cha kushusha, kimya. Cha kupandisha, kimya.

"Mwalimu, tufanye nini?"

Hapo ndipo ilipokuwa aibu yenyewe. Sikujua. Miaka yote ile niliambiwa kitufe chekundu ni cha dharura, nami nikasema nimeelewa, na hakuna mtu aliyewahi kunitaka nikibonyeze halafu nikirudishe. Nikaanza kuwaambia watulie. Mtu aliyening'inia anapowaambia waliosimama chini watulie, sauti yake haina mamlaka yoyote.

Aliyetuokoa ni Sista Wambui, muuguzi Mkenya aliyekuwa mkubwa wa ghorofa yetu. Alisimama mlangoni, akasoma ubao kwanza, halafu ndiyo akanitazama.

"Mwalimu, hawa wameelewa?"

"Wamesema wameelewa, Sista."

"Na wewe huko juu, umeelewa?"

Darasa likauma midomo. Sista akaingia, akakishika kile kitufe chekundu, akakizungusha kidogo kuelekea kulia, kikaruka nje, mashine ikaamka. Akanishusha taratibu. Kisha akachukua kifutio akafuta neno moja tu pale ubaoni, neno "ataelewa," akaniachia shimo katikati ya sentensi yangu nzuri.

"Kuelewa ni kitu iko ndani ya kichwa ya mtu," akasema. "Mimi nikisimama hapo mlangoni siioni. Niandikie kitu naweza kuona nikiwa mlangoni. Sawa? Na uteremke kwa hicho kitanda, kuna mtu wake."

Nilikaa na ile sentensi yenye shimo jioni nzima mezani jikoni kwangu. Asubuhi ilikuwa hivi: "Mwanafunzi atamnyanyua mwenzake kutoka kitandani hadi kwenye kiti, atabonyeza kitufe cha dharura akiwa njiani, atakirudisha, na atamaliza kumkalisha bila kumwita mtu." Ona tofauti. Hii ukiwa mlangoni unaiona. Na ukiisoma unajua papo hapo ufundishe nini. Jana yake nilizungumza saa nzima kuhusu aina za vitambaa.

Hilo la jikoni nataka mlishike, maana watu hudhani malengo huandikwa ofisini. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikitoka nje ya geti langu hapa Rooty Hill bila sababu, majirani hudhani kuna moto. Mke wangu husema nilivuka bahari moja maishani na safari ile ikanitosha. Sasa nimestaafu na safari yangu kubwa ni kupeleka pipa la taka barabarani. Lakini jikoni, na chai, bila meneja mgongoni, hapo ndipo sentensi hujileta. Wenzangu waliokwenda kwenye semina za kuandika malengo hotelini walirudi na mikoba mizuri na neno "ataelewa" lilelile.

Siyo kwamba baada ya kunyimwa "ataelewa" nilipona. Niliangukia neno jingine, "vizuri."

Wapo wazee ambao kumeza kumewashinda. Maji matupu yanaweza kuwapalia, kwa hiyo kinywaji chao kinatiwa unga maalumu kiwe kizito. Nikaandika: "Mwanafunzi atakoroga kinywaji mpaka kiwe kizito vizuri." Kinaonekana mlangoni, sivyo? Anakoroga, namwona. Nikajipongeza. Sasa alikuwepo mama mmoja, Mkenya kutoka Kakamega, mchapa kazi kwelikweli. Akakoroga. Akakoroga kwa nguvu ambayo mtu wa Kakamega anaijua. Aliponiletea kikombe nikakiinamisha, hakuna kilichomwagika. Nikakipindua. Kijiko kikabaki kimesimama humo ndani.

"Mama, hii si ugali?"

"Si ulisema kizito vizuri? Ugali mwepesi ni wa wavivu."

Na alikuwa sahihi kwa sentensi niliyompa. Kila mtu ana uzito wake kichwani, ameutoa kwenye sufuria ya mama yake. Nikaandika upya: atapima unga kwa kijiko kilichomo koponi, atakoroga, atachota kwa uma, na ataangalia kinavyochuruzika kwenye meno ya uma mpaka kifanane na picha iliyoko ukutani. Ndefu, haina uzuri wowote, lakini mzee hapaliwi. Kwa hiyo ukimaliza kuandika lengo lako, litafute neno "vizuri" na ndugu zake, "ipasavyo," "kikamilifu," "kwa umakini," na kila utakapomkuta mmoja wao jiulize: vizuri ya nani?

Lakini mwanafunzi aliyenifundisha kazi hii mpaka mwisho ni Furaha.

Furaha alikuja kutoka Uvira, Kongo, akakaa Fairfield na watoto wake. Kabla ya kuja kwetu alikuwa kwenye kiwanda cha kufungasha kuku, ndani ya baridi siku nzima, mpaka vidole vyake vikaanza kufa ganzi. Kazi yetu aliitaka. Kwao alimtunza mama mkwe wake aliyelala kitandani hadi mwisho wake, na mkono wake ulionyesha. Mzee akishikwa na Furaha hakukunja uso. Utaratibu wa pale ulikuwa kwamba mgeni anapimwa na mtahini mara moja, akishindwa anapewa nafasi ya pili, na ya pili ndiyo ya mwisho. Ukishindwa hiyo unarudi ulikotoka, na Furaha alikotoka ni kwenye kuku.

Wakati huo nilikwisha kuwa mjuzi, kwa maoni yangu. Somo la kuogesha nilikuwa nimeliandikia malengo manane yanayoonekana: joto la maji, mpangilio wa taulo, kuanza na uso. Na la tisa, ambalo meneja alilitaka liwepo, nikaandika: "Mwanafunzi atamhudumia mzee kwa heshima." Nikasema, hilo nalo linahitaji maelezo gani? Waafrika sisi ufundishwe heshima na nani?

Siku ya mtihani Furaha aliingia chumbani kwa mzee mmoja wa Kiaustralia aitwaye Len, aliyekuwa fundi bomba enzi zake, mkali kidogo. Akamwogesha. Maji yalikuwa sawa, taulo sawa, kila kitu sawa. Mtahini akamfelisha.

Nikamfuata mtahini kwenye korido, mama mpole mwenye miwani shingoni. Akaniambia kwa upole wake: "Hakusema neno hata moja. Hakumtaja kwa jina. Hakumtazama. Alimgusa mtu bila kumwambia anakuja kumgusa. Samahani, lakini hakumheshimu."

Nikamkuta Furaha kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ameshika viatu vyake mapajani.

"Mwalimu, nilikosea wapi? Nilimuheshimu sana ule muzee. Sikumuangalia hata mara moja."

Mnaiona? Alifanya alichofundishwa na mama yake na bibi yake. Mtu mkubwa akiwa uchi unainamisha macho. Unanyamaza, usimwongezee aibu kwa maneno. Jina lake hulitamki, wewe ni nani umtamke? Na unafanya haraka na kwa ulaini ili asahau kwamba ulikuwepo. Hiyo ndiyo heshima, na aliionyesha yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ikahesabiwa sifuri. Mtahini naye alikuwa na heshima yake kichwani, iliyo kinyume kabisa: tazama, taja, sema, uliza. Na mimi niliyezijua zote mbili, mimi ndiye niliyeandika neno moja nikawaachia wagombane ndani yake.

Nikaenda kwa Sista Wambui. Nilitaka aombe Furaha asamehewe. Hakunisikiliza mpaka mwisho.

"Hakuna kusamehewa. Ako na nafasi ya pili, wiki mbili. Wewe kaa chini uandike heshima. Andika mpaka niione kwa mlango."

"Heshima inaandikwaje, Sista?"

"Mimi sijui, bana. Si wewe ndiye mwalimu?"

Basi nikaamua. Siku zote mimi ni mtu wa kesho, waulize nyumbani kwangu, lakini safari hii niliamua kwamba huyu mama harudi kwenye kuku kwa sababu ya sentensi yangu. Nikamwambia Furaha aje kwangu Jumamosi. Akapanda treni Fairfield, akabadilisha Blacktown, akafika saa nilipokuwa bado na kanzu ya kulalia. Tukakaa jikoni na chai.

"Niambie," nikasema, "mtu akikuheshimu wewe, anafanya nini na mikono? Na mdomo je?"

Tuliandika na kufuta. Mwisho tukawa na hivi: Kabla ya kuingia, mwanafunzi atabisha mlango na kusubiri. Atasimama mahali mzee anapoweza kumwona uso. Atamwita kwa jina ambalo mzee mwenyewe analitaka. Atamwambia anachotaka kufanya, na atamwuliza kama yuko tayari, na hatamgusa mpaka ajibu.

Furaha akaisoma polepole. Akafika kwenye jina, akacheka kwa haya. Akafika kwenye kuuliza, hakucheka.

"Mwalimu, hii ya kumuuliza sitaiweza. Muzee yuko uchi, anajua yuko uchi, na yeye tena nimuulize kama anataka nimuogeshe? Ni kumuvua nguo mara ya pili."

Nawaambia ukweli, niliona ana haki. Ningeweza kumwambia aikariri mistari hiyo kama kasuku siku ya mtihani na aisahau kesho yake, na wapo walimu wanaofundisha hivyo. Lakini lengo ambalo mwanafunzi haliamini linakwisha mtahini akigeuza mgongo. Nikasema tujaribu kwanza kwa mtu.

Mtu alikuwa Papa Baraka, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Naye ni wa Kongo, wa Bukavu, mzee kuliko mimi, magoti yameishia kwenye ghala alikopakia makasha miaka mingi, anatembelea mkongojo. Ulimi wake hauna breki. Nilimwita juu ya ua.

"Papa Baraka, njoo uwe mgonjwa."

"Miye sio mugonjwa. Mugonjwa ni weye, unashinda ndani kama kuku ya mayai."

Lakini akaja, kwa sababu ya chai. Tukamlaza kwenye kochi na nguo zake, beseni pembeni, taulo. Furaha akabisha mlango wa sebule yangu, akasubiri, akaingia. Akasimama mbele yake. Jina halikutoka. Alifungua mdomo mara tatu.

"Papa..." akaanza.

"Papa ni ya kanisa," mzee akasema, macho ameyafumba. "Kwa ile kazi yenu wanasemaka jina. Sema jina."

"Baraka," Furaha akasema, kwa sauti ya mtu anayeiba.

"Eh. Sijakufa. Endelea."

Akamwambia anataka kumwosha mkono wa kulia. Akamwuliza kama yuko tayari. Na sasa tazameni kilichotokea, maana ndicho kilichofanya kazi yote, siyo mimi. Papa Baraka, ambaye alikuwa amelala kama gunia kwa makusudi ili kutuonyesha jinsi wagonjwa wanavyosumbua, akasema "ndiyo," na mkono wake ukanyanyuka wenyewe ukamjia Furaha.

Furaha akaushika. Akabaki ameushika.

"Mwalimu," akasema, "hauna uzito."

Kila mtunza wazee anaujua uzito wa mkono unaochukuliwa. Ni kama kubeba bomba lenye maji. Mkono unaoletwa ni mwepesi. Nilikuwa nimefanya kazi ile miaka yote na nilikuwa nawauliza wazee mambo yao kwa mazoea, kwa kuimba na kupiga domo, na sikuwahi kuona kwamba kule kuuliza ndiko kulikokuwa kunaninyanyulia mikono. Furaha alirudia. Mkono wa kushoto, mguu, bega. Kila alipouliza, mwili ulimsaidia. Ya kuvua nguo mara ya pili sikuisikia tena.

Jumamosi iliyofuata tukajiona tumefika. Na hapo Papa Baraka, kwa uchokozi tu, alipoulizwa kama yuko tayari, akajibu: "Hapana. Sitaki."

Furaha akatabasamu. "Kidogo tu, Baraka," akasema, na taulo likashuka.

Nami nilitabasamu. Kwa sababu kwetu "hapana" ya kwanza ni adabu. Mgeni ukimkaribisha chakula anasema ameshiba, unamsukumia sahani, anasema kweli ameshiba, unamnawisha mikono, anakula. Nani kati yetu anayeichukua hapana ya mzee kama ilivyo? Papa Baraka akaufyatua mkongojo wake, tap, kwenye beseni, maji yakamwagika kwenye zulia la mke wangu.

"Nimesema sitaki! Muliniuliza ya nini sasa?"

Zulia lile lina alama hadi leo. Lakini alikuwa ametuonyesha shimo. Tulikuwa tumeandika aulize, hatukuandika akikataliwa afanye nini. Swali lisilo na nafasi ya kukataa si swali, ni tangazo. Nikalowanisha magoti kukausha zulia huku Furaha anaandika mwenyewe, kwa mkono wake: Muzee akikataa, mwanafunzi ataondoa mikono, atarudi nyuma hatua moja, na atamuuliza yeye anapenda nini. Lilikuwa lengo la kwanza katika masomo yangu ambalo sikuliandika mimi, na sikubadilisha hata herufi.

Mtihani wa pili ulikuwa chumbani kwa Len yuleyule. Niliruhusiwa kusimama mlangoni, mradi nisifungue mdomo. Sista Wambui alisimama nyuma yangu, nadhani kwa ajili ya mdomo huo.

Furaha akabisha. Akasubiri. Akaingia, akasimama mahali pa kuonekana. "Habari za asubuhi, Len," akasema kwa Kiingereza chake, na jina lilitoka kamili, halikuibwa. Redio ilikuwa inatangaza mbio za farasi. Akamwambia amekuja kumwogesha, akamwuliza kama yuko tayari.

Len hakugeuza hata kichwa. "Hapana," akasema. "Siyo sasa."

Vijana wangu, mkono wa Furaha ulikuwa tayari kwenye taulo. Na mimi pale mlangoni, mimi mwandishi wa malengo, kila kiungo changu kilikuwa kinampigia kelele: kidogo tu! Mbembeleze! Asipooga hakuna mtihani, na hakuna nafasi ya tatu. Nilivuta pumzi ya kukohoa, nimpe ishara. Sista akanifinya mkono juu ya kiwiko, mfinyo wa wanawake wa kwao Nyeri, pumzi ikarudi nilikoitoa.

Furaha aliondoa mikono. Nilimwona anaiondoa, kidole kwa kidole. Akarudi nyuma hatua moja. Mtahini kalamu imesimama.

"Sawa, Len," akasema. "Wewe unapenda nini?"

Hapo ndipo Len alipogeuza kichwa. Akamtazama. Akasema anapenda kusikiliza mbio hii hadi mwisho, kwa sababu kuna farasi anayemfuatilia, na kila siku watu wa humu wanamkatiza. Furaha akamwuliza kama anaweza kumfunika blanketi wakati anasubiri. Len akakubali. Akamfunika, akasimama pembeni, na sisi wote, mtahini, Sista, mimi, tukasikiliza farasi. Wa Len alishindwa vibaya. Akalaani kidogo, akazima redio, akautoa mkono wake wa kulia nje ya blanketi akamnyooshea Furaha.

"Haya, mama," akasema. "Njoo."

Mtahini alipotoka alivua miwani akaifuta. Aliniambia amewapima watu wengi wanaouliza, na wachache wanaosubiri jibu. Furaha akafaulu. Alipoambiwa, hakuruka wala hakulia. Alinitazama akasema, "Nimesikia, mwalimu," halafu akarudi ndani kumalizia kumvalisha Len soksi, kwa sababu mguu mmoja ulikuwa bado.

Tangu hapo sikuandika tena "kwa heshima." Wala "kwa upendo," wala "kwa uvumilivu." Siyo kwamba hayapo. Yapo, ila kila mtu amekuja na yake kutoka kwao, na ukiyaandika hivyohivyo unampima mtu kwa rula ambayo hujamwonyesha. Fanya kazi. Kaa jikoni, jiulize mikono inafanya nini, mdomo unasema nini, na mambo yakiharibika anafanya nini. Itakuchosha. Wenzako watakucheka kwamba unaandika sentensi moja wiki nzima. Wacheke. Usimpeleke mtu mbele ya mtahini na neno ambalo wewe mwenyewe hujaweza kulitazama. Na tafadhali, ukishaandika, usiwaulize "mmeelewa." Waambie, "Nionyesheni." Watakuchukia siku ya kwanza.

Jumapili iliyofuata Furaha alikuja baada ya kanisa na chungu cha bugali na samaki, na matembele aliyoyapitia sokoni Cabramatta. Tulikaa kibarazani kwangu, mke wangu, Furaha na mimi, na Papa Baraka aliyenusa akaja bila kuitwa. Ikachukua muda kumkalisha kwa sababu ya magoti. Furaha aliinuka, akasimama mbele yake, akamwuliza kama anataka amshike mkono, akasubiri, mzee akautoa, akakaa.

Mimi nilikuwa na shibe na furaha, na mtu wa hali hiyo hujisifu. Nikamweleza Papa Baraka, kwa kirefu, kwamba ushindi wote ule ulitokana na sentensi zangu, jinsi nilivyozichonga moja moja, na kwamba watu wa semina wangepaswa kuja kujifunza hapa kibarazani. Alinisikiliza huku anatoa mwiba wa samaki mdomoni. Akauweka pembeni mwa sahani. Kisha akasema:

"Jirani, siku miye nitalala kitandani nisiamuke tena, muniletee uyu mama. Weye bakia tu ku nyumba yako."